Mwalimu Aliyerudisha Kadi ya Washington

Arlys Kettler alikuwa na sheria moja, na aliishika kwa miaka arobaini na mitatu: hapokei kutoka Washington, yaani serikali kuu ya Marekani, kitu ambacho Katiba haikuipa Washington mamlaka ya kukitoa. Hakuipigia debe. Hakubandika maandishi kwenye gari lake wala hakwenda kwenye mikutano ya watu wenye mabango. Aliishika tu, kama jirani zake Wakatoliki walivyoshika kutokula nyama Ijumaa za Kwaresima.

Alifundisha uraia katika sekondari ya Plum Fork, magharibi mwa Nebraska, katika chumba kilichopakana na changu. Mimi nilifundisha hesabu. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba, kwa hiyo kila Oktoba nilisikia watoto wa wakulima, mmoja mmoja, wakitaja kwa kichwa mamlaka kumi na nane ambayo Katiba imelipa Bunge. Kukopa fedha. Kutengeneza sarafu. Kuweka vipimo na mizani. Posta na barabara zake. Jeshi la nchi kavu, jeshi la majini. Mwanafunzi akifika mwisho, Arlys alimwuliza swali lile lile.

"Ugonjwa uko namba ngapi?"

"Haupo, Mwalimu."

"Hospitali je?"

"Haipo."

"Tazama vizuri. Labda imejificha nyuma ya posta."

Kila mwaka alikuwepo mmoja mwerevu. Namkumbuka Kyle Reznicek, mtoto wa fundi wa pampu, aliyesimama bila kuitwa. "Mwalimu, namba moja inataja ustawi wa wote. Mgonjwa ana ustawi gani?"

"Swali zuri, Kyle. Mama yako akikutuma dukani kwa ajili ya ustawi wa nyumba, akakuandikia chumvi, unga na sabuni, nawe ukarudi na farasi, utamwambia nini?"

"Kwamba farasi ni ustawi."

"Mjaribu leo jioni. Kesho ukiwa bado mzima utatusimulia."

Darasa lilicheka, na mimi ng'ambo ya ukuta nilicheka. Lakini hakuwadanganya. Baada ya kicheko aliwaambia kwamba Mahakama ya Juu iliamua vingine tangu zamani za babu zao, kwamba Bunge linaweza kukusanya kodi na kuitumia kwa ustawi wa wote, na kwamba hiyo ndiyo sheria ya nchi. "Mimi nasema Mahakama ilikosea," alisema. "Mimi si Mahakama. Kwenye mtihani mtajibu kwa kauli ya Mahakama, na atakayejibu kwa kauli yangu nitamkata alama." Na aliwakata.

Siku ya kwanza ya kila mwaka alizungusha karatasi darasani, kila mtu aandike jina na sahihi. Walidhani ni mahudhurio. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari uliosema kwamba aliyesaini amekubali kufagia chumba hicho kwa zamu hadi Mei. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna darasa lililousoma mstari huo, na kwa miaka thelathini na mmoja chumba chake kilifagiliwa.

Sasa niseme upande wa pili wa sheria yake, maana wengi wanaoshika upande wa kwanza huuruka huu. Marekebisho ya Kumi ya Katiba yanasema mamlaka ambayo Washington haikupewa yamebaki kwa majimbo, au kwa watu. Arlys aliyachukua maneno hayo mawili ya mwisho kama amri. "Watu ni nani?" aliwauliza wanafunzi. "Ni wewe uliyekaa hapo unatafuna kalamu. Kama Washington hairuhusiwi kumwuguza jirani yako, basi amebaki mikononi mwako. Usiniambie unapenda Katiba kama hujawahi kumpelekea mgonjwa chakula."

Kwetu mtu akiugua, kunapikwa kwenye ukumbi wa zimamoto. Ni supu nzito ya maharage na nyama ya kusaga, yenye pilipili, inayoliwa pamoja na mkate mtamu wa mdalasini. Mlangoni kuna ndoo, na kila mtu hutia alichojaliwa bila kutazamwa. Kwa miaka arobaini sikuhudhuria chakula cha namna hiyo nisimkute Arlys jikoni akimenya vitunguu. Figo za jirani yetu Virgil Hostetka zilipokufa, Washington ilimlipia kusafishwa damu kwa mashine huko North Platte, kama inavyowalipia karibu wote wa maradhi hayo tangu mwaka 1972. Lakini Washington haikuwa na gari la kumfikisha. Ni maili sabini kwenda, sabini kurudi, mara tatu kwa juma. Arlys alimwendesha miaka miwili.

"Arlys," Virgil alimtania mbele yangu siku moja, akipanda gari kwa taabu, "unanipeleka dhambini kila Jumatatu, na wewe unajua."

"Dhambi yako, mafuta yangu. Funga mlango."

"Na mbinguni watakuuliza."

"Nitawaambia ulikuwa ukilalamika njia nzima. Watanihurumia. Funga mkanda, Virgil."

Hakumhubiria hata siku moja. Sheria ilikuwa yake, na aliiona kama nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mwili wake peke yake.

Alipotimiza miaka sitini na mitano, kampuni iliyokuwa ikimuuzia bima ilimwandikia barua ya kwaheri. Ndivyo zinavyofanya, maana katika umri huo Washington humpokea kila mtu kwenye bima yake ya wazee. Arlys hakuomba kupokelewa. Alikuwa na pensheni ya walimu wa jimbo, nyumba ya mbao iliyopakwa rangi nyeupe, na ekari mia na sitini za ngano alizoachiwa na baba yake. Ekari hizo zililimwa na Darrel, mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye hakuwa na ardhi nyingine. Arlys hakuwa na mtoto. Kila mtu wilayani alijua kwamba shamba lile lingekuwa la Darrel, na Darrel alijua kuliko wote.

Mwaka uliofuata, 2014, Arlys alianza kuvimba miguu. Ilikuwa shinikizo la damu la miaka mingi, lililofanya kazi yake kimya. Mwezi wa Aprili figo zote mbili zilikuwa zimekwisha.

Alilazwa North Platte siku kumi na moja. Aliporudi, Darrel alimkuta jikoni na mimi nikiwa pale, nimemletea mayai.

"Shangazi, hebu nisikilize mara moja tu," Darrel alisema. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minane, mwenye mikono kama majembe, na alikaa kwenye ncha ya kiti. "Hiyo bima si sadaka. Walikukata mshahara miaka thelathini na mmoja. Ni pesa zako."

"Nilitoa kwa sababu sheria iliniamuru kutoa. Nionyeshe sheria inayoniamuru kupokea."

"Hakuna sheria inayokuamuru kuishi pia."

"Hilo ndilo jibu lako la kwanza zuri tangu uingie."

"Utalipa na nini? Mashine ile ni mara tatu kwa juma, mwaka mzima, maisha yako yote. Utalipa na nini, Shangazi?"

Arlys alitazama nje, kule ngano ilipoanzia nyuma ya banda, na Darrel naye akatazama huko. Hapo nilielewa, naye alielewa, kwamba jibu lilikuwa limeota pale nje na lilikuwa na urefu wa kidole.

Mwezi wa Julai kadi ya bima ya Washington ilikuja kwa posta. Ilikuwa ya karatasi nyeupe yenye mistari myekundu na ya buluu, na jina lake lilikuwa katikati. Pamoja nayo palikuwa na barua ya kumjulisha kwamba ombi lake limekubaliwa na kwamba matibabu yake tangu Aprili yamekwisha kulipwa.

Aliniita. Nilimkuta amekaa na barua hiyo magotini, na Darrel amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa ameshakiri. Siku zile za hospitali, Arlys akiwa amevimba hata macho hayafunguki vizuri, waliletewa karatasi za kusaini: ruhusa ya upasuaji mdogo, ruhusa ya damu, anwani, ndugu wa kuitwa. Darrel aliitumbukiza fomu ya Washington katikati ya rundo. Arlys alisaini zote bila kusoma hata moja.

"Ulijuaje kwamba sitasoma?" alimwuliza.

"Nilifagia darasa lako mwaka mzima, Shangazi. Nilijifunza kwako."

Arlys alicheka. Alicheka hadi akashika ubavu, na Darrel akaachia pumzi, akadhani mambo yamekwisha. Mimi nilimfahamu zaidi. Alipomaliza kucheka alifuta macho, akaitia kadi ndani ya bahasha, akasema, "Kesho sina mashine. Nani atanipeleka North Platte?"

Nilimpeleka. Kwenye ofisi ya hifadhi ya jamii tulichukua namba, tukangoja kwenye viti vya plastiki pamoja na wajane na watu wenye magongo. Namba yetu ilipoitwa, nyuma ya kioo alikuwa amekaa Kyle Reznicek, yule mtoto wa fundi wa pampu. Sasa alikuwa na upara na tai.

"Mwalimu Kettler. Sikutarajia kukuona upande huo wa kioo."

"Wala mimi sikutarajia kukuona upande huo. Farasi hajambo?"

Kyle alicheka kidogo, kwa sauti ya chini ya mtu aliye kazini. Arlys alisukuma bahasha chini ya kioo. Kyle akaifungua, akaigeuza kadi mbele na nyuma. "Wamekosea jina?"

"Jina ni sahihi. Nairudisha."

"Mwalimu, watu hukaa kwenye viti hivyo wakilia kwa kuikosa hii."

"Najua. Wapeni. Sikuja kumnyang'anya mtu."

Alitazama kwenye kompyuta yake, akapiga simu, akasubiri, akapiga nyingine. Aliporudi alikuwa amelegeza tai. "Fomu ya kujitoa ipo. Haitumiki sana, imebidi niulize ilipo. Lakini ukijitoa, lazima urudishe kila kitu kilichokwisha kulipwa tangu Aprili. Mwalimu, si kidogo. Na sahihi hii ni yako. Kisheria ulikubali, na hakuna atakayekulaumu ukibaki."

"Sahihi ni yangu. Nilisaini bila kusoma. Ningekuwa mwanafunzi wangu ningejipa ufagio."

Kyle aliinama karibu na kioo. "Ulitufundisha wewe mwenyewe kwamba Mahakama imeruhusu. Nilipata alama zote kwenye swali lile."

"Ulizipata kwa haki. Mahakama imesema Washington inaruhusiwa kutoa. Sina ubishi nayo, wala sitamshitaki mtu. Lakini niliapa kuitetea Katiba siku niliyoajiriwa, mkono juu, mbele ya mtu wa jimbo. Mimi naisoma vile nilivyowasomea ninyi. Nikiisoma vile wakati wa afya na nikaisoma vingine wakati wa ugonjwa, basi niliwafundisha nini miaka yote ile?"

Kyle alimpa fomu. Arlys aliisoma yote, mbele na nyuma, na maandishi madogo ya chini, kidole kikienda mstari kwa mstari, dakika arobaini, na watu wa foleni wakiguna. Kisha akasaini. Nilimwona Kyle akisimama kumpokea ile karatasi, jambo ambalo hakumfanyia mtu mwingine asubuhi ile, na akabaki amesimama hadi tulipotoka mlangoni.

Vuli ile aliuza ekari themanini. Zilinunuliwa na jirani mwenye pampu za umwagiliaji. Zilitosha kurudisha kile cha Washington na kulipia mashine kwa muda, kwa bei aliyokubaliana na kliniki. Darrel alikuja siku ya kutia sahihi, akasimama nje kwenye changarawe hadi Arlys alipotoka.

"Baba alizitoa mawe zile ekari kwa mkono," alisema. "Sina ubishi na Katiba yako, Shangazi. Lakini msimamo ni wako na mfuko ni wangu. Unalipa kwa mfuko wangu."

"Ardhi ni yangu, Darrel. Kungojea si kumiliki."

"Sawa. Basi nimengojea bure miaka kumi na saba."

Aliondoka bila kuaga. Katika gari Arlys alisema, akiwa anatazama mbele, "Kuhusu mfuko amesema kweli." Hakurudia tena, lakini neno lile lilimkaa.

Nimeishi na watu wa misimamo maisha yangu yote. Wilaya yetu imejaa misimamo kama ilivyojaa mbigili. Wengi wanaoilaani serikali kwa kuingilia matibabu hupanga foleni na kadi yao mkononi, na wengi wanaotaka serikali iwatibu maskini hawajui jina la maskini hata mmoja. Sisemi Arlys aliisoma Katiba sawasawa. Majaji wenye akili kunishinda wameisoma vingine. Nasema sikuwahi kuona mtu mwingine ambaye maneno yake na mwili wake vilikuwa kitu kimoja, na kumtazama kwa karibu kulinitia hofu, hofu ile mtu anayoipata akiwa kanisani peke yake.

Februari 2015 tulipika chakula chake kwenye ukumbi wa zimamoto. Alitokea saa tisa alasiri akiwa na kisu chake cha vitunguu. Akina mama walimtoa jikoni.

"Mgonjwa hapikii ugonjwa wake mwenyewe, Mwalimu. Kaa."

"Nani atamenya?"

"Kuna watu hapa walimenya vitunguu kabla hujazaliwa. Kaa, au tutakufunga kwenye kiti."

Plum Fork ina watu mia tatu na themanini. Jioni ile tulihesabu bakuli mia sita na kumi. Walikuja watu kutoka Ogallala, na kutoka Colorado, watu wenye mvi waliofagia chumba chake. Kyle Reznicek alikuja na mkewe. Virgil alikuwa ameshakufa, lakini binti yake aliendesha gari kwa muda wa saa tano ili asimame kwenye mstari wa supu. Darrel hakuja. Arlys alipoletewa ndoo, mimi nilidhani ataikataa, na nilikuwa nimeandaa maneno ya kumshawishi. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Hii naichukua," alisema. "Hii imeandikwa kwenye Katiba. 'Au kwa watu.'"

Hapo tu, katika miaka yote niliyomjua, nilimwona akilia.

Ile ndoo ilimpa miezi minne ya mashine. Mwaka 2016 aliuza ekari nyingine arobaini. Zikabaki arobaini na nyumba. Nilikuwa nikimwendesha mimi sasa, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na nilijua kwamba kufikia mwisho wa 2018 za mwisho nazo zingepaswa kwenda.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo wa 2018 nilifika Jumatano asubuhi, nikamkuta amevaa nguo za nyumbani.

"Jumatano nimeifuta," alisema. "Kuanzia leo ni Jumatatu na Ijumaa. Nilichobakiwa nacho benki kinafika hadi kiangazi kwa mara mbili, na ekari arobaini hazitaguswa. Nimeziandika kwa Darrel, na nyumba."

"Daktari anasema nini?"

"Anasema mara mbili hazitoshi."

"Arlys."

"Nilimwuliza, hazitoshi kwa nini? Akasema, kwa kuishi. Nikamwuliza, kwa muda gani? Akaanza kupanga kalamu zake." Alimimina kahawa yangu, kwake akamimina nusu kikombe, maana maji alikuwa akipimiwa. "Darrel alisema nalipa kwa mfuko wake. Nimelipa kwa mfuko wake miaka minne. Sasa nalipa kwa wangu. Usimwambie."

"Bado kadi ipo. Kyle atakuandikisha kwa simu tu."

"Najua ipo."

Sikumwambia Darrel. Nilitakiwa kumwambia, na hilo ni langu la kujibu. Alijua mwenyewe wakati wa Krismasi, alipopita kuleta kuni na kumkuta amevimba uso Jumatano mchana, siku ambayo hakupaswa kuwa nyumbani. Alikaa chini. Niliwakuta hivyo, wameketi meza moja kwa mara ya kwanza tangu vuli ile ya 2014.

"Rudisha Jumatano, Shangazi," Darrel alikuwa akisema. "Uza zile arobaini. Sizitaki."

"Ulizitaka miaka ishirini na moja."

"Sasa sizitaki."

"Hujui kudanganya. Hata ile fomu, kama ningekuwa na macho siku ile ningekuona usoni. Kunywa kahawa yako."

Alimsihi majuma manane. Alikuja kila siku, akawa ndiye anayemwendesha, na nasikia njiani waligombana maili zote sabini na kucheka nyingine zote. Jumatano haikurudi.

Arlys Kettler alikufa tarehe kumi na tisa Februari 2019, moyo ulisimama, akiwa na miaka sabini. Sheria yake ilimgharimu ekari mia na ishirini, matibabu ya siku moja katika kila tatu, na miaka ambayo daktari hakutaka kuitaja idadi yake. Ilimgharimu Darrel robo tatu ya shamba alilolingojea. Anazilima ekari arobaini zilizobaki, na kwa kuwa ekari arobaini za ngano hazilishi familia, siku nyingine za juma anaendesha lori la nafaka la mtu mwingine.